Mpaka Pijo Lingurume

Kagoma, Muleba
Tarehe 19 Desemba

Kwa kaka yangu Privatus,

Mwalimu wetu wa Kiswahili anatufundisha kwamba barua isianze na lawama, kwa hiyo naanza na salamu. Natumaini wewe, wifi Shadya na mtoto Haruni mnaendelea vizuri hapo Bukoba, na kwamba mvua za mwezi huu hazikuwaletea homa. Sisi huku hatujambo, kwa kadiri watu wasiosemezana wanavyoweza kuwa hawajambo. Mama anasumbuliwa kidogo na mgongo. Tata alianguka kibanjani, kwenye migomba, mwezi wa kumi akalazwa wiki nzima, sasa anatembea na fimbo na hataki mtu aitaje.

Pengine unajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Mwezi wa tano nilikupigia kwa simu ya matroni wa shule yetu. Nilikwambia kwamba mimi ni Annastella, mdogo wako. Ulisema nimekosea namba, ukakata. Matroni aliponiuliza kama nimempata kaka yangu, nilimjibu kwamba nimempata na ni mzima. Tangu hapo nimekuwa na hasira nawe na sitaki kuificha. Barua hii unaweza kuichana, lakini kabla ya kuichana utakuwa umeona mwandiko wangu. Anayeileta ni fundi Buberwa, yule mjomba wa mbali wa Mama anayetengeneza pikipiki pale njia panda. Nimemwomba aiache dukani kwa mkweo, mzee Bashiri, maana wewe mwenyewe sina hakika kama ungeipokea.

Nilikuwa darasa la pili siku uliyoondoka. Nakumbuka ulikuwa umepakia kwenye Pijo, lile gari la Tata, mikungu ya ndizi, mbuzi mmoja na gunia la kahawa, uende Bukoba kwa kina wifi Shadya kujitambulisha, ingawa Tata alikwisha kusema katakata kwamba mwanawe wa kwanza hataoa kwa Waislamu. Ulipowasha, gari liligoma. Ulijaribu mpaka betri ikachoka. Tata alitoka ndani na kukwambia mbele ya majirani kwamba umeiua injini yake kwa mbio zako za Kemondo za kuwahi samaki. Ulimjibu kwamba kama ni hivyo gari lioze hapo hapo, na mwenye nalo aoze nalo. Ndipo Tata aliponyoosha mkono, akaapa kwamba hutakanyaga kibanja hiki mpaka Pijo lingurume. Ulimshusha mbuzi ukaondoka kwa miguu. Mikungu ile ya ndizi tuliila sisi, na hakuna aliyesema kwamba ni mitamu.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili limefufuka. Tata alipoanguka, mdogo wake Ta Gozbert alianza kusema kwamba ukoo hauwezi kukaa bila kujua msika, mrithi wa kibanja, ni nani. Ameitisha kikao cha ukoo hapa nyumbani tarehe 28, baada ya Misa. Anasema mrithi hawezi kuwa mtu aliyezuiwa kwa kiapo kukanyaga kibanja, kwa hiyo kibanja cha babu kiandikwe kwa mwanawe Aristides. Kuhusu mimi alisema kwamba msichana ni wa kwenda kwa watu, na alilisema hilo huku akila chakula nilichopika mimi.

Nilipofunga shule nililifikiri sana neno lile la Tata. Niliona kwamba hakusema milele. Alisema mpaka. Basi nikamwomba Tata kwa adabu zote, wakati wa chakula, aniruhusu nimwite fundi alitazame Pijo. Alinijibu kwamba anayetaka kufufua wafu aende makaburini, asije bandani kwake. Alisema pia kwamba ufunguo wa gari anao yeye na hautoki. Mama hakubishana naye. Alisema tu kwamba banda lile ndilo anamoweka mikeka ya kukaushia kahawa, na kesho analifungua alifagie, na kama kuna mtoto atakayeingia humo na fundi wake, yeye ana kazi zake, hana muda wa kutazama watoto.

Kaka, usingelitambua. Mikeka ya kahawa ilikuwa imerundikwa juu mpaka paa limebonyea. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva. Panya walikuwa wamejenga kiota juu ya injini kwa nyuzi za migomba, wakatafuna na nyaya. Mbele palikuwa na matundu mawili matupu, kwa sababu miaka mitatu iliyopita Ta Gozbert aling'oa taa zote mbili na betri, akaenda kuzielekeza angani kwenye mtego wake wa senene. Mama alipomuuliza, alijibu kwamba mali iliyokufa haina mwenyewe, na kwamba tulipokuwa tunakula senene wake hatukuuliza wamevutwa na taa ya nani.

Fundi Buberwa ni mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza aliuzunguka ule uchafu akatangaza kwamba ameona magari mabaya zaidi ya hili na yote sasa yanapanda milima. Tata alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba akiwa ametupa mgongo, lakini masikio yalikuwa bandani. Alimuuliza kwa sauti kama amekuja na padri wa kumsomea marehemu. Fundi naye akajibu kwamba padri anaitiwa watu, na kwa jinsi anavyomsikia mwenye gari akikohoa, padri huyo asiende mbali. Nilidhani Tata atamfukuza. Hakumfukuza. Alitema mate tu akaendelea kutupa mgongo.

Injini ilikuwa imeshikana. Fundi alifungua plagi, akamimina oili kidogo katika kila tundu, akasema tuiache ilainike. Siku ya tatu alichomeka ile hendeli ya kuzungushia kwa mbele, tukaivuta yeye na mimi, mikono yangu ikachubuka. Ilisita, ikasita tena, kisha ikaachia yote kwa mara moja, nikaangukia mikeka. Mama alikuwa anageuza kahawa juani. Alisimama na reki mkononi, na nilimwona anamtazama Tata, wala si mimi.

Kisha tukaharibu wenyewe. Petroli ya zamani ilikuwa imegeuka kama rangi ya mlango, tukaimwaga. Mpya ililetwa kwenye dumu ambalo halikuwa safi, na fundi hakuwa na kichujio. Alichomoa konzi ya majani, yale yale tunayochujia maji ya ndizi kabla ya kuyavundika yawe pombe ya rubisi, akayasokota kwenye mdomo wa faneli. Nilimuuliza kama majani hayataacha vipande. Alinijibu kwamba yeye amechuja rubisi tangu Mama hajaolewa na hakuna mnywaji aliyewahi kukabwa. Bila shaka unajua kilichotokea. Mbegu za majani zilishuka mpaka kwenye kabureta zikaziba vijitundu vyote. Fundi alizungusha mpaka jasho likamtoka masikioni, na Pijo halikutoa hata chafya.

Tata alicheka. Kaka, sijamsikia Tata akicheka tangu nikiwa darasa la pili, na hata hivyo sikufurahi. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeona jirani yake ametumbukia kwenye tope. Aliniita akaniambia nikamchukulie fundi kibuyu na mrija, Pijo lipate kunywa kama wazee wenzake. Fundi alitupa spana chini. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kidogo, kisha nikaosha uso nikarudi, tukaifungua kabureta na kuisafisha kwa unyoya wa kuku.

Hata baada ya kuisafisha, injini haikuwaka. Petroli ilikuwa inafika, lakini moto haukufika kwenye plagi. Fundi alifungua kifuniko cha distributa, akachungulia, akanyamaza. Nilipoona Buberwa amenyamaza niliogopa. Aliniita nitazame. Ndani humo panatakiwa kuwa na kipande kidogo cheusi kiitwacho rota, si kikubwa kuliko kizibo cha chupa, ambacho kazi yake ni kuugawa moto uende kila plagi kwa zamu. Hakikuwepo. Hakikuvunjika wala hakikuungua. Hakikuwepo tu. Fundi alisema, na alilisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba gari hili halikufa, gari hili lilinyongwa.

Ta Gozbert alikuwepo. Alikuwa amekuja kutukejeli kidogo, na Mama alikuwa amemwekea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo kama anavyowekewa mgeni yeyote. Watu wote walimgeukia yeye. Nani mwingine alikuwa ameingiza mikono humo? Mama alimuuliza kama rota nayo inavuta senene. Fundi alisema kwamba mwizi wa taa hashindwi na kizibo. Ta Gozbert aliapa kwa kaburi la mama yao lililo pale pale kibanjani, kwamba taa alichukua mchana kweupe na betri alichukua mchana kweupe, lakini kitu hicho hakijui hata kwa jina. Kisha alimgeukia Tata akamwomba kama mkubwa wake aseme neno moja tu. Tata aliendelea kuitazama fimbo yake.

Ta Gozbert alikichukua kile kikapu, akazimwaga kahawa chini, akazikanyaga kwa kisigino, akaondoka. Wewe umekulia hapa, unajua kwamba mtu akimwaga kahawa uliyompa, hatarudi kwako kama ndugu. Sijawahi kuliona jambo hilo kwa macho yangu kabla ya siku hiyo, na sikulipenda, ingawa tangu mwanzo simpendi Ta Gozbert.

Fundi alisema ataitafuta rota Bukoba. Lakini asubuhi iliyofuata nilipofungua banda nilikuta kifuniko cha distributa, ambacho tulikiacha kinaning'inia, kimefungwa vizuri na kufutwa vumbi. Nilikifungua. Rota ilikuwa mahali pake. Haikuwa mpya. Fundi alipofika alipiga makofi, akasema mwizi ameona aibu imemzidi ameirudisha kwa kunyemelea. Kufikia jioni habari hiyo ilikuwa imezunguka Kagoma yote. Mke wa Ta Gozbert hakuja kwenye sala ya jumuiya wiki hiyo, na wanawake waliokuja hawakusali sana.

Jumamosi fundi alileta betri yake, akaunganisha nyaya, akasema kwa kuwa ufunguo umefichwa kama sakramenti, yeye atagusanisha waya mbili. Hapo Tata alisimama. Alisema gari lake haliwashwi kama gari la wezi. Alikwenda ndani, akarudi amevaa koti lake la Jumapili, akawafukuza kuku, akaketi kwenye kiti bila kukifuta, akachomeka ufunguo.

Lilikohoa. Likakohoa tena, likatoa moshi wa buluu uliojaa banda lote, likatetemeka mpaka mikeka ikaporomoka. Kisha likanguruma. Kaka, lilinguruma. Watoto wa jirani walikuja wanakimbia. Fundi alikuwa anacheza peke yake akijisifu mbele ya mtu yeyote. Mama hakupiga vigelegele. Alikaa chini juu ya kahawa yake, akajifunika uso kwa kitenge.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Nakuomba ulisome ukiwa umekaa.

Tata aliniashiria kwa kidole nisogee dirishani. Akakanyaga mafuta, injini ikapiga kelele zaidi, akaushika mkono wangu na kuleta mdomo sikioni kwangu ili asisikie mtu mwingine. Aliniambia kwamba rota aliitoa yeye. Aliitoa jioni ile ya kabla ya safari yako. Alisema alitaka uchelewe tu. Alifikiri ukikosa gari asubuhi, mtakaa, mtakunywa chai, atakueleza vizuri zaidi kuliko alivyokueleza kwa ukali, na kama bado hukubali basi angeirudisha. Lakini ulitoka ukiwa na hasira na majirani wakajaa, na ulipomwambia aoze, ulimi wake ulitangulia. Baada ya kuapa mbele za watu hakuona njia ya kusema kwamba injini ni nzima na rota iko mfukoni mwake. Na ilikuwa mfukoni kweli. Ameibeba kwenye koti hilo la Jumapili miaka yote minane, Misa baada ya Misa. Sisi tulikuwa tunaona kwamba hapokei komunyo, tukadhani ni kwa sababu yako.

Nilimwuliza kuhusu Ta Gozbert. Nakiri sikuuliza kwa adabu. Nilimpigia kelele kwamba amemwacha ndugu yake wa tumbo moja aitwe mwizi, na kwamba nyaya zililiwa na panya lakini hiyo haikuwa kazi ya panya. Alitazama mbele kama mtu anayeendesha, na gari limesimama. Alisema anajua. Alisema jambo kama hilo mtu hawezi kulisema mbele za watu mara mbili, atakufa. Atalisema mara moja tu, tarehe 28, mbele ya ukoo wote, kwa kinywa chake, lakini wale aliowakosea wawepo wote wawili. Ta Gozbert atakuja, maana kikao ni chake. Wewe usipokuja, Tata hatasema. Aristides ataandikwa, Ta Gozbert ataendelea kuwa mwizi wa rota mpaka kaburini, na wewe utaendelea kuwa mtu aliyeua injini. Kisha akaniambia nikuandikie, kwa kuwa mkono wake haukubali kuliandika.

Alikataa kuzima gari. Fundi alimwambia petroli inaisha bure, akajibiwa aende akachuje majani yake. Alikaa humo mpaka tangi likakauka na injini ikazima yenyewe.

Kaka, sikuombi umsamehe. Mimi mwenyewe ninayekula naye sahani moja bado sijamsamehe, na tangu Jumamosi naongea naye yale ya lazima tu, kama maji ya kuoga yako tayari. Lakini na wewe nina neno lako. Ulijua kwamba hukuiua injini ile. Uliijua kuliko mtu yeyote, ulikuwa unaiosha kila wiki. Ungerudi hata siku moja tu na kufungua kile kifuniko, ungeona. Uliona ni heri uwe na haki ukiwa mbali kuliko kuja kuitafuta hapa. Mko umbali wa saa moja na nusu kwa gari, nyote wawili, na mimi katikati nimekua bila kaka.

Pijo haliwezi kuja kukuchukua. Breki zimeshikana kwa kutu na matairi yameliwa na mchwa, na ndiyo sababu fundi Buberwa amekuja huko mjini kutafuta vipuri. Panda basi la asubuhi. Njoo na wifi Shadya na Haruni. Mama ametenga kuku wawili, na amemwambia muuza duka Muislamu wa njia panda aje awachinje yeye, ili wifi ale bila wasiwasi. Hakuniambia anamtegemea nani na mimi sikumuuliza. Sijui kama anajua lile la rota. Wakati mwingine nadhani amelijua miaka yote na alikuwa anamsubiri mwenyewe.

Nitakuwa barabarani tarehe 28 tangu basi la kwanza. Sitasoma wala kufanya kazi nyingine siku hiyo. Kama hutashuka, sitakuandikia tena, na nitajitahidi kuamini kwamba namba ile kweli niliikosea.

Mama anakusalimu sana, na anamsalimu mkwewe kwa jina lake. Fundi Buberwa atakusalimu mwenyewe, na usipomkatisha atakusalimu mpaka jioni. Nami nawasalimu wote watatu, hasa Haruni, mwambie ana shangazi.

Nilimuuliza Tata kama nimwandike kwenye salamu hizi. Amekataa. Amesema salamu za baba hazitumwi kwa mtoto wa shule. Anayezitaka azifuate hapa nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Annastella Rutaihwa
Kidato cha Tatu